Siku ya Chupa Moja

Habari hii mmeshaisikia kwa watu wengine, na watu wengine hawakosi chumvi ya kuongezea. Basi isikieni na kwangu, na mkiona naanza kujitetea, nikatizeni.

Kazi yangu, huu mwaka wa ishirini na tatu, ni kulisha seli. Marehemu mume wangu akiulizwa mkewe anafanya nini alikuwa anajibu kwamba analisha visivyoonekana, kisha anacheka peke yake. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ukichukua kipande kidogo cha ngozi ya mnyama kingali kibichi, ukakikatakata, ukakitia kwenye chupa bapa ya plastiki yenye chakula, ukaiweka chupa ndani ya kabati lenye joto la mwili, seli zinatoka kwenye ngozi, zinajishika kwenye sakafu ya chupa na kuanza kugawanyika. Chakula chake ni maji mekundu yenye chumvi, sukari na protini, na kinabadilishwa kila baada ya siku mbili. Zikijaa unazigawa. Zikizidi unazitia kwenye vichupa vya ukubwa wa kidole, unazigandisha na kuzizamisha kwenye tangi la naitrojeni. Baridi ya mle ndani si ya mchezo: gusa chuma bila glovu uone kama ngozi haitabaki humo. Zikiwa humo hazili, hazikui, hazifi.

Maabara yetu iko ghorofa ya kwanza, mwisho wa korido, ukishapita chumba cha fotokopi. Tunahifadhi seli za wanyama wanaoisha, ili siku elimu ikifika mbali zaidi kuwe na cha kuanzia. Watafiti huja na shahada zao, hukaa miaka miwili mitatu, huondoka. Mimi ni fundi tu, sina cheti cha kuning'iniza ukutani, ila funguo za tangi nilikuwa nazo mimi. Wao huniita Bi Funga, kwa sababu ya kelele ninazowapigia wakiacha mlango wa kabati wazi. Silichukii jina hilo. Bora niitwe Bi Funga kuliko nikute joto limeshuka na kazi ya miezi imeoza.

Nina sheria moja ambayo kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu aliikariri kama jedwali la kuzidisha: kila mnyama na chupa yake ya chakula. Pipeti, ule mrija wa kuvutia chakula, ikigusa huku ikarudi kule, seli moja tu inaweza kudandia, na kama ni ya mnyama mwenye mbio za kukua, baada ya wiki chache chupa yote ni yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye chupa mgeni akija mwenyeji hufa, na mbaya zaidi huoni kitu, kwa sababu chini ya hadubini seli za ngozi za wanyama wengi zinafanana: nyembamba, ndefu, zimechongoka pande mbili. Niliwaambia wanafunzi hayo mpaka wakawa wananiigiza nikiwapa mgongo. Nilikuwa nawaona kwenye kioo cha kabati.

Sasa huyo mnyama. Paa kijivu hakuwa mkubwa, ukimsimamisha anakufika gotini, na aliishi kwenye msitu mmoja tu. Mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata ziwa, alikuwa askari wa wanyamapori katika msitu huo. Alianza kazi paa wakiwa sitini na kitu. Akawahesabu wakishuka mwaka hadi mwaka, mpaka akabaki jike mmoja ambaye alimjua kwa kovu la pua. Miaka tisa iliyopita akamkuta jike huyo kwenye mtego wa waya, amekufa lakini bado ana joto. Maabara ilikuwa imewagawia askari vichupa vya kuhifadhia sampuli. Wengi wao walivitumia kuwekea ugoro. Yeye alikata kipande cha sikio, akakitia kichupani, akakifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, akatembea tangu alfajiri hadi saa tisa mchana ndipo akapata gari. Hakumpa karani wa mapokezi. Alipanda ngazi na viatu vya matope, akanitia kichupa mkononi.

"Dada, huyu ndiye wa mwisho," alisema. "Mlee."

Nikamlea. Profesa aliyeanzisha maabara, Mungu amrehemu, alifurahi kama aliyepata mjukuu. Seli zilitoka vizuri kwenye lile sikio. Wiki ya tano Profesa akagandisha vichupa vinne vya kwanza. Dawa ya kawaida ya kukinga seli na barafu ilikuwa imetuishia stoo, akatumia glisirini, mtindo wa zamani, akaviziba kwa vifuniko vyeusi. Miezi michache baadaye dawa ilipokuja tukagandisha vingine vingi, vyenye vifuniko vya buluu. Mwaka uliofuata nikayeyusha kimoja cheusi kukijaribu na hakikuamka kitu. Profesa akaandika ubavuni mwa sanduku: vyeusi dhaifu, visitumike. Vikabaki vitatu kwenye kona, hakuna aliyeviwazia tena.

Wiki mbili baada ya vile vichupa vinne, mdogo wangu alikanyaga mtego wa chuma wa majangili. Walimtoa msituni siku ya pili. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Nilimkuta hospitali ametoka kwenye kisu, macho hayajatulia bado, midomo imemkauka. Nilidhani ataomba maji. Aliniuliza, "Dada, wamekula?"

Nikamwambia wamekula.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Anaishi kwangu, chumba cha nyuma, anatengeneza baiskeli uani. Kila jioni nikirudi, kabla ya shikamoo ya mtu yeyote, ananiuliza kama wamekula, nami namjibu wamekula. Hata mwaka ambao seli zote zilikuwa kwenye tangi na hakuna cha kulishwa, aliuliza, na mimi nilijibu. Watoto wa jirani wakadhani tunafuga sungura.

Mwaka huu tukaletewa Mkemia. Binti wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye miwani mikubwa, na anatembea kimya mno, unageuka unamkuta nyuma yako. Sikumpenda. Sina sababu ya maana, alikuwa anaacha kalamu zake kwenye meza yangu. Utafiti wake ulikuwa juu ya mafuta. Kila seli imevikwa utando mwembamba wa mafuta, na utando huo ndio unaopasuka barafu ikiingia. Yeye alitaka kujua mchanganyiko wa mafuta wa kila mnyama, ili atafute dawa itakayomfaa. Anazivunja seli, anazipitisha kwenye mashine inayopima uzito wa kila aina ya mafuta, mashine inamchorea mistari inayopanda na kushuka. Alianza na paa kijivu, kwa kuwa ndiye wa thamani kuliko wote. Na ili apate wa kumlinganisha naye, akaomba kondoo. Kondoo wetu ni seli za kufundishia wanafunzi, zinakua kama magugu, hata uzisahau haziendi mahali.

Jumanne moja asubuhi akaja na karatasi mbili, akazilaza mezani kwangu moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani. Mistari ya paa na mistari ya kondoo ilikaa sawasawa, kilima juu ya kilima.

"Mama, naomba unisaidie kuelewa hili," alisema.

Nikamwambia mashine yake mbovu. Akasema amepima mara tatu. Basi nikapandisha. Nikamwambia mbele ya wanafunzi wanne kwamba amechanganya chupa, kwamba watu wa kemia wamezoea vitu visivyokufa ndiyo maana hawana adabu mezani, na kwamba nyani haoni kundule. Alikusanya karatasi zake na kalamu zake, na kesho yake akaomba kibali cha kupima vinasaba. Vikafunguliwa vichupa vitatu vya buluu, vikapelekwa jengo la pili. Majibu yakarudi baada ya wiki. Kondoo. Kondoo. Kondoo.

Kulikuwa na taasisi mbili za mbali tulizozipelekea vichupa vya akiba, vya buluu vilevile. Nao wakapima. Walitujibu kwa adabu sana, na adabu ile iliuma kuliko matusi.

Mkurugenzi akaitisha kikao. Ni mtu wa tai na sauti ya chini, hajawahi kumgombeza mtu, na hajawahi kubeba lawama. Tulikuwa saba mezani. Akasema hakuna anayejua uchafu uliingia lini, Profesa ametangulia mbele ya haki na hatuwezi kumuuliza, sikio lilikwisha lote na halikupimwa lilipokuja. Hayo yalikuwa kweli. Nani angepima? Wakati ule mashine ya kupimia vinasaba hatukuwa nayo, na aliyelileta alikuwa anamjua paa kuliko kitabu chochote. Kisha akavuta pumzi, akasema lile ambalo naamini alikuja nalo mfukoni.

"Tusisahau kwamba sampuli ililetwa na askari, si mtaalamu. Kandokando ya ule msitu kuna wafugaji. Sikio ni sikio."

Ungeona mabega yalivyoshuka mezani. Watu walipumua. Kama sikio lilikuwa la kondoo tangu mwanzo, basi hakuna mwenye makosa katika chumba kile. Na mimi, dada wa mtu, nilipumua nao. Ni pumzi moja tu, lakini niliivuta, sitaificha. Ndipo nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikataka kusema kitu, nikakuta sina cha kusema zaidi ya kwamba namjua mdogo wangu. Hiyo si sayansi. Ikaamuliwa ripoti iandikwe hivyo, na Ijumaa sanduku zima litolewe tangini, nafasi yake zipewe seli za kobe.

Siku hiyo nilitembea kwa miguu hadi nyumbani ili nichelewe kufika. Nilimkuta uani amegeuza baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu na kusikiliza. Mguu wa bandia ameuvua, ameuegemeza ukutani, maana hugombana nao kila alasiri. Hakugeuka.

"Wamekula?"

"Wamekula," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea. Na palepale nikakumbuka mara ya kwanza nilipolijibu swali hilo, kitandani pale hospitali, na nikajiuliza jambo ambalo miaka tisa sikuwahi kujiuliza: siku ile niliwalisha vipi?

Siku ile ya mguu, simu ya hospitali ilikuja saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa ndiyo kwanza natoa chupa kabatini. Nakumbuka sikuvua koti la kazi. Nakumbuka nilitaka kuacha kila kitu nikimbie, halafu nikasema hapana, hawa ndio wake, siwezi kuwaacha na njaa nikamtazame usoni. Nikalisha. Zaidi ya hapo sikumbuki.

Asubuhi baada ya kikao nilikuwa wa kwanza kufika maabara. Madaftari yangu nayapanga kwa miaka kwenye kabati la chini, chini ya masanduku ya glovu. Nina desturi ya kuandika kila siku mnyama gani kala, na namba ya chupa ya chakula aliyolishwa nayo. Nikafunua ukurasa wa siku ya ile simu. Mwandiko ulikuwa wangu, ila umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Paa, amelishwa, chupa namba sita. Chini yake: kondoo, amelishwa, chupa namba sita.

Niliusoma ukurasa ule mara nyingi kuliko ulivyostahili. Nikarudi nyuma mwezi mzima, kila siku namba mbili tofauti. Nikaenda mbele mwezi mzima, namba mbili tofauti. Ni siku moja tu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nimewafokea wanafunzi miaka yote hiyo, nimemtukana binti wa watu hadharani, na mwenye chupa moja ni mimi.

Nitasema na hili. Nilifikiria kuuchana. Hakuna asomaye madaftari yale, na ukurasa mmoja ni jambo la dakika. Mkurugenzi keshampata mkosaji, tena mkosaji ambaye hasomi ripoti. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu na sherehe na hotuba. Nikaushika ukurasa kwenye kona.

Kilichonizuia si uchaji Mungu. Ni tarehe. Niliitazama tarehe ile nikakumbuka vifuniko vyeusi. Vichupa vinne vya Profesa viligandishwa wiki mbili kabla yake. Kama uchafu uliingia siku ya chupa namba sita, basi vile vitatu vilivyobaki kwenye kona havijaguswa na kondoo. Na kwa mujibu wa kikao, kesho Ijumaa vinatupwa pamoja na vingine vyote. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua hilo ila mimi, na nisingeweza kuwaambia waviache bila kuwaambia nimejuaje.

Nilimfuata Mkemia kwanza. Alikuwa anaosha vioo vyake. Nikamwekea daftari mbele, nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia yale maneno ya siku ile yanirudie mwenyewe. Alisoma. Hakunipa pole, na nilishukuru, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliniuliza tu vile vyeusi viligandishwa na nini. Nikamwambia glisirini, na kwamba havina maana, nilikijaribu kimoja hakikuamka. Akaniuliza nilikiyeyusha vipi. Kama ninavyoyeyusha vingine, nikamwambia: maji ya uvuguvugu, kisha chakula chote kwa mara moja.

Aliweka kioo chini. Akanieleza kwamba dawa ya kawaida hutoka haraka ndani ya seli, lakini glisirini hutoka pole pole. Ukimimina chakula kwa mara moja, maji yanaingia ndani kabla glisirini haijatoka, seli inavimba na kupasuka.

"Mama, zile hazikufa kwa kugandishwa," alisema. "Zilikufa kwa kuyeyushwa."

Kumbe hata kile kimoja nilikiua mimi. Nilicheka, kicheko kibaya, na yeye akacheka kidogo kwa woga. Tangu hapo namwita mwanangu, na kalamu zake ziko mezani kwangu mpaka leo.

Mkurugenzi alilisoma daftari akiwa amesimama. Kisha akafunga mlango, jambo ambalo kwa kawaida ni mimi wa kulidai. Aliongea kwa upole, kama mtu anayenitakia mema, na pengine alinitakia. Alisema ripoti imeshaandikwa. Alisema nina jina zuri, na si vizuri mtu kulichafua akiwa mlangoni pa kutokea.

"Madaftari ya zamani, Bi Funga, huliwa na mchwa."

Nikamwambia hili mchwa hawajalila, na kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia pia, na hapa sauti ilipanda, kwamba aliyeleta lile sikio alitembea nalo tangu alfajiri, na kama kuna mtu katika habari hii asiyejua tofauti ya paa na kondoo, basi anaitwa mimi. Alikaa chini. Akaichana ripoti mwenyewe, hilo nampa. Akaandika nyingine yenye jina langu, na nakala zikaenda kwa zile taasisi mbili. Vile vitatu vya vifuniko vyeusi vikaachwa tangini. Funguo za tangi akaziomba palepale, nikazivua shingoni. Kazi yangu sasa ni kuosha vioo, kubandika lebo, na kufundisha kwa mdomo. Chupa siruhusiwi kugusa. Ni haki. Ningekuwa mimi mkurugenzi ningefanya hivyohivyo, tena kwa kelele.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani. Nilimweleza mdogo wangu akiwa anakaza nyororo. Sikuzungusha maneno. Nikamwambia paa wake walikufa siku nyingi, tuliokuwa nao ni kondoo, na aliyefanya hivyo ni mimi, asubuhi ya mguu. Akaacha kukaza.

"Ulikuja na koti la kazi," alisema. "Lilikuwa na doa jekundu mfukoni. Nikajua umetoka kuwalisha."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo miaka tisa nauliza hali ya kondoo."

Kwa mtu mwingine ungekuwa utani. Alichukua mguu wake ukutani, akauvaa, akaingia ndani. Nilimweleza kupitia mlangoni habari za vile vitatu vyeusi, kwamba kitayeyushwa kimoja, kwamba huenda. Kesho yake jioni nilirudi, akaniitikia salamu kama anavyomwitikia mteja. Hakuniuliza kitu. Keshokutwa hakuniuliza. Sikujua kama swali dogo vile linaweza kuacha tundu kubwa kiasi kile katika nyumba. Nililia jikoni, maji ya bomba yakimwagika ili asisikie.

Mkemia aliyeyusha Jumatatu. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma kama askari wa zamu. Alikiweka chakula tone moja, akangoja, tone moja, akangoja, saa nzima, na mimi ambaye sina subira hata ya kungoja chai ipoe nilihesabu matone yote. Maji yaliyobaki kichupani yakapelekwa kupimwa vinasaba, yakalinganishwa na ngozi kavu iliyoko makumbusho. Alhamisi yakaja majibu: paa kijivu. Watu walipiga makofi kwenye korido. Mimi sikupiga. Kuwa ni paa ni jambo moja, na kuwa hai ni jambo jingine. Chupani seli zilikuwa zinaelea tu, na seli inayoelea ni maiti.

Ijumaa zinaelea. Jumamosi alikuja peke yake kubadilisha chakula, zinaelea. Mimi nyumbani nilifua nguo ambazo zilikuwa safi. Tulibakiwa na vichupa viwili, na kama cha kwanza hakikuamka, sikuona kwa nini cha pili kiamke.

Jumatatu iliyofuata saa nne asubuhi nilikuwa nabandika lebo, Mkemia akaja nyuma yangu, kimya kama kawaida yake, akanigusa bega. Alikuwa ameshaiweka chupa chini ya hadubini. Akaniambia niangalie tu, nisiguse. Nikaweka jicho. Sakafu ilikuwa tupu, uchafu umejisukuma pembeni. Akaniambia nitazame kushoto. Zilikuwa nne. Nyembamba, ndefu, zimechongoka pande mbili, zimejishika chini, na moja ilikuwa inagawanyika, imejikunja duara kama zinavyofanya. Msinitegemee niseme nilizitambua. Zinafanana na za kondoo kabisa, na kama ningekuwa na macho ya kuzitofautisha tusingefika pale. Niliamini karatasi ya vinasaba, na niliamini matone. Nikamuuliza zimelishwa kutoka chupa gani. Akasema namba moja, yake peke yake, imeandikwa. Nikamwomba anionyeshe. Akanionyesha bila kuudhika.

Jioni nilimkuta ameketi kwenye kibao chake, mikono imejaa grisi. Nikasimama mbele yake ili asiweze kujifanya hakunisikia.

"Zimeshika," nikamwambia. "Nne."

Alitazama gurudumu lililokuwa mbele yake. Akalizungusha, likalia kidogo, akalisimamisha kwa kidole. Nikadhani ndiyo basi. Nikageuka niingie ndani.

"Dada."

"Naam."

"Wamekula?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la miaka tisa. Nikalimeza. Nikamwambia sijui, siku hizi silishi mimi, wacha niulize. Nikatoa simu, nikampigia Mkemia palepale uani, mdogo wangu akinitazama usoni. Binti akasema chakula kimebadilishwa saa tisa, na mlango wa kabati ameufunga.

"Wamekula," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu kitanda cha hospitali nilikuwa simdanganyi.